Mafi Dawa

Nilizaliwa kwa mgema. Nalitaja hilo mapema kwa sababu watu wakisikia nilifanya kazi Saudia, miaka ile ambayo kila kijiji cha kwetu kilikuwa na binti aliyepanda ndege, huniuliza habari za madam wakali na pasipoti zilizofichwa kabatini. Mambo hayo yapo, na waliopatwa nayo ndio wenye haki ya kuyasimulia. Mimi ninachokikumbuka kuliko vyote ni harufu ya zabibu zinazoanza kuchachuka kando ya kitanda changu, katika nchi ambayo harufu hiyo ilitosha kunipeleka jela.

Nilianzia Riyadh, kwa familia yenye watoto wengi na vyombo visivyoisha. Kafili wangu, tajiri aliyenidhamini, alipohama mji hakunihitaji tena, akakubali ikama yangu, kibali cha kuishi, ihamishiwe kwa mhandisi mmoja Mgiriki aliyekuwa akiishi ghorofani, mtaa wa Al-Murabba, pamoja na mama yake mzazi. Wenzangu wa Kenya waliposikia walinipigia simu kunitania. "Umeangukia Mzungu, wewe! Sasa ni kula kuku kwa mrija." Kuku nilimla, kweli. Wa kula naye ndiye aliyekosekana.

Siku ya kwanza bosi alinikalisha mezani, jambo ambalo halikuwahi kunitokea katika nyumba ya tajiri, akanieleza kazi. Nyumba ilikuwa ndogo, ya kufagia mara moja. Kazi hasa ilikuwa mama. Mumewe alikuwa amefariki huko kisiwani kwao, akabaki peke yake na kiwanda kidogo cha divai cha familia, na mwanawe wa pekee akamleta huku asije akaanguka shambani bila mtu wa kumwinua.

"Atakuomba umsaidie kutengeneza divai," bosi aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ukikubali, na tukashikwa, mimi nitarudishwa kwetu kwa ndege. Wewe utafungwa kwanza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa ilipo. Nikamjibu sawa, bosi. Moyoni nikasema, kuruka jivu kukanyaga moto. Kwetu Kaloleni nilichokuwa nakikimbia ni kuitwa binti wa mgema. Kanisani mama yangu alikaa benchi la nyuma miaka yote kwa sababu ya tembo la baba. Nimevuka bahari nzima, na divai imenitangulia kufika.

Mama alikuwa mfupi, mweusi wa nguo kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, na mikono mikubwa kuliko mwili. Hakujua Kiingereza, na mimi Kigiriki nilikuwa sijawahi hata kukisikia. Bosi alitoka alfajiri akarudi tumeshakula. Kutwa nzima tulikuwa wanawake wawili katika vyumba vinne, yeye dirishani akitazama matangi ya maji juu ya mapaa ya watu, mimi jikoni nikisikiliza kiyoyozi. Nilikuwa mpweke hadi nikawa nasoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya mchele, ili nisikie mtu akisema neno.

Nikaanza kumfundisha Kiarabu changu cha jikoni, kile tulichokiokota sote huko makazini. Moya, maji. Yalla, twende. Halas, imekwisha. Mafi, hakuna. Alishika upesi kuliko nilivyoshika mimi. Neno moja sikuhitaji kujifunza, kwa kuwa nilitoka nalo nyumbani: dawa. Waarabu wanaiita dawa, nasi twaiita dawa. Kila asubuhi nilimpelekea kidonge chake cha presha na glasi ya maji, "Mama, dawa," naye akakimeza kwa uso wa mtu anayemeza tusi.

Siku moja nilikuwa nawasha jiko kwa kiberiti. Mama akaja, akaninyang'anya kile kisanduku, akawasha njiti, akaizima, akainusa. Akakunja pua. Akaonyesha kwa vidole kishada cha zabibu, akakanyagakanyaga sakafu, akakumbatia pipa lisilokuwepo, kisha akaisogeza ile njiti yenye moshi hadi kwenye mdomo wa pipa lake la hewa.

"Dawa," akasema.

Nikamwelewa palepale. Kumbe watu wa divai hutia kiberiti, siyo njiti bali ile dawa yenyewe inayonuka, salfa, ili divai isigeuke, ikae miaka, isafiri mbali na ladha ileile. Nikamwambia hicho ni kiberiti, na Mwarabu naye anakiita kibrit. Akalirudia neno hilo mara nyingi, akilitafuna. Halafu akanionyesha yeye alivyokuwa akifanya: shambani hakunyunyiza sumu, magugu aling'oa kwa mkono, na mizabibu aliisuka duara chini kabisa, kama kapu, ili upepo wa kisiwani usiivunje. Kiberiti cha unga alikubali kupuliza kidogo juu ya majani, ukungu ukizidi. Ndani ya pipa, mumewe alitaka ncha ya kucha. Yeye alitaka hata hicho kisiwemo. Nadhani waliligombania jambo hilo maisha yao yote ya ndoa, maana alipoigiza sauti ya mumewe alisimama wima na kuweka mikono kiunoni, na alipomaliza alikaa kitako na kufuta macho.

Sasa ilikuwa zamu yangu. Nikasimama katikati ya jiko nikawa mnazi, kisha nikawa baba yangu anayeupanda. Anakata ncha ya karara, anafunga kibuyu, anashuka. Asubuhi, tamu. Jioni, kali; nikapepesuka hadi kwenye friji. Mama akacheka.

"Bukra?" akauliza. Kesho je?

"Bukra, siki." Nikamtolea chupa ya siki kabatini aelewe.

Akalifikiria lile tembo la siku moja, ambalo hakuna dawa ya kulizuia na wala hakuna aliyewahi kutaka kulizuia. Kisha akapiga makofi, akasema, "Mafi dawa!" Akanishika mashavu kama nimelitengeneza mimi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sifa yetu. Mkate mzuri ulikuwa mafi dawa, nyanya nzuri mafi dawa. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo siku nilipomwambia bosi wazi kwamba sahani yake ya bluu nimeivunja mimi. Na kwa mara ya kwanza maishani nilijivunia baba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yangu masikio yalisikia baba akisifiwa tangu nikiwa mdogo, na hakulitia hata tone.

Mama aliniambia, kwa mikono na maneno yetu matano, kwamba divai yake haikupenda safari. Ukiivusha bahari, inageuka. Niliwaza sana juu ya hilo nikikunja nguo. Mimi nami nilikuwa nimevushwa bahari bila kutiwa chochote cha kunihifadhi, na nilishaanza kujisikia mkali mkali.

Kazi ya bosi ilipohamia Jeddah, tukahamia mtaa wa Al-Baghdadiyah, nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba. Chini yetu alikaa, pamoja na wanawe, bibi mmoja ambaye wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, akakulia hapo hapo Jeddah. Alinisalimia kwa Kiswahili siku ya kwanza nikaangusha mfuko wa takataka kwa furaha. Lakini alikuwa bibi wa kuuliza: nani kaja, mnapika nini, yule mama yako mbona hashuki. Nikawa namkwepa.

Bosi alifikiri bahari itamfurahisha mama. Mama aliitazama mara moja, akaona haina upepo, akavuta pazia. Ulikuwa msimu wa zabibu. Kule kwao, kwa namna alivyonieleza, watu walikuwa wanainama kwenye yale makapu ya mizabibu kabla jua halijapanda.

Jioni moja wakiwa mezani bosi alimwambia jambo kwa sauti ya chini. Mama aliinuka. Alikuja jikoni, akachukua kisanduku cha kiberiti, akamwaga njiti zote mezani, akazisukuma kwa kiganja kuelekea kwenye pipa lake la hewa.

"Kibrit. Kathir," akasema. Kiberiti kingi. "Halas."

Nikaelewa kwamba kiwanda kimeuzwa, na aliyekinunua ni wa kutia dawa. Nikamkumbatia. Akaning'ang'ania, kisha akajitoa, akaniangalia usoni.

"Binti. Inab. Yalla." Zabibu. Twende.

Alitaka mavuno yake ya mwisho, pale jikoni, nami niwe wa kumsaidia. Nilitamani kumpa. Lakini nilikunja ngumi mbili nikazikutanisha kama zimetiwa pingu, nikasema, "Mafi, mama. Polisi." Aliitazama ile mikono yangu, akageuka, akaenda chumbani kwake.

Akanisusa. Kidonge alikipokea bila kuniangalia. Nikisema moya, alikuwa keshajimiminia. Sikujua mpaka hapo kwamba maneno matano yanaweza kumshibisha mtu, na kwamba yakiondolewa njaa yake ni mbaya kuliko ya mwanzo. Nilirudi kwenye pakiti ya mchele. Nilipiga simu nyumbani, na mama yangu akaniambia nishukuru Mungu nina kazi nyepesi. Nikashukuru, nikakata simu, nikalia mbele ya sinki.

Bosi naye aliumia kwa njia yake. Akaja siku moja na kreti la zabibu za Taif, nyeusi, zilizouzwa kwenye pikapu barabarani. Mama alichukua moja akaipangusa kwa kidole gumba, akautazama ule ungaunga mweupe unaokaa juu ya ganda na kuichachusha zabibu. Zile za supamaketi ya Riyadh alikuwa akizitema, zimeoshwa hadi zimekufa. Hii hakuitema, wala hakuila. Aliirudisha taratibu kwenye kreti.

Kesho yake nilishuka kwenye bakala, duka la mtaani, kununua mkate. Simu ikalia. Alikuwa mama; bosi alikuwa amemwekea namba yangu abonyeze kitufe kimoja tu, na hakuwahi kukibonyeza. Alikuwa anahema.

"Binti! Mafi dawa! Mafi dawa! Yalla, yalla!"

Dawa zimekwisha. Ndivyo nilivyosikia, na ndivyo mtu yeyote mwenye Kiarabu hicho angesikia. Akilini nikaona kisanduku cha vidonge vya presha kikiwa kitupu na mama amelala sakafuni. Nilitupa mkate nikakimbia hadi famasi ya pembeni. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapigwa, mlango wa chuma uko chini. Nikabaki nje juani nikisubiri sala iishe, nikiomba kwa lugha zangu zote. Nilimwambia Mungu kwamba asimchukue yule mama, na sikusema kwa ajili ya bosi wala kazi. Nilisema sina mwingine.

Mlango ulipoinuka nilinunua dawa, nikapanda zile ngazi nikiwa na kiatu kimoja.

Mama alikuwa jikoni, amesimama ndani ya beseni langu la kufulia, amekunja gauni jeusi hadi magotini, miguu yake myembamba imegeuka zambarau. Kreti lilikuwa tupu. Alijishikilia kwenye sinki na kukanyaga taratibu, akihema kwa kazi, na uso wake niliuona kwa mara ya kwanza ulivyokuwa kabla sijamjua.

"Mafi dawa," akasema, akinielekeza ndani ya beseni. Njoo uone. Haina kitu ndani.

Nilikaa sakafuni na mfuko wangu wa famasi, nikacheka hadi nikalia, au ni kinyume chake. Kisha nikanawa miguu.

Nilijua nafanya nini, mtu asiniambie nilidanganywa. Leo ni juisi tu, nilijiambia, na juisi haina kesi. Mambo ya kesho nitayajua kwa pua. Tuliimimina kwenye ndoo na maganda yake, tukaifunika kwa shuka, nikaiweka chumbani kwangu, kando ya kitanda, ambako bosi hakuwahi kuingia. Mama alikuja kila baada ya chakula cha mchana, akaketi kitandani mwangu, akainamisha sikio kwenye shuka. Akitaka maneno mapya aliniuliza, nisipoyajua tuliyabuni. Siku ya tatu ndoo ikaanza kusema, ile sauti ndogo ya mapovu ninayoijua tangu utotoni. Chumbani mwangu kulikuwa na kitu kinachopumua, na sikuwa mpweke.

Lakini harufu haina adabu. Ilitoka chini ya mlango, ikashuka ngazi. Mlango ukagongwa.

Alikuwa bibi wa chini, mkono mmoja kiunoni. "Mwanangu, mbona ngazi zanuka chachu? Mwapika nini humu?"

"Siki, bibi," nikasema.

"Siki!" Akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Hii haijawa siki hata kidogo. Siki mie naijua. Hii iko kule kabla ya siki, na kule ndiko kubaya."

Nikaushikilia mlango. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akageuka akashuka. Nilijua amekwenda kuwaita wanawe, na wanawe watawaita wanaohusika. Ningeweza kuimwaga ndoo chooni, ilikuwa hatua chache tu. Nilifika nayo hadi mlangoni mwa choo. Mama alikuwa ameketi pale kitandani pangu, ameshika pindo la shuka, na hakuniomba kitu safari hii. Alionyesha mikono yangu, akakunja ngumi zake mwenyewe akazikutanisha, akatikisa kichwa. Alikuwa anasema, mwaga. Nikashindwa.

Mlango ukagongwa tena. Bibi alikuwa peke yake, anatweta kwa ngazi, na chini ya buibui ameshika chupa ya siki ya zamani, ndani yake limeelea tando nene linaloigeuza divai kuwa siki.

"Tia," akasema. "Tia sasa hivi, mbele ya macho yangu. Nikiulizwa nitasema niliona siki, na sitakuwa nimesema uongo."

Mama alipoiona chupa akaiinamia ndoo kwa mwili mzima. "La! Dawa!"

"Mafi dawa, mama," nikamwambia. "Siki. Bukra, siki."

Bibi akachovya kidole ndani ya chupa akamwekea mama mdomoni, kama anavyolambishwa mtoto asali. Mama akafumba macho. Akaonja muda mrefu, akitafuta kiberiti, asikipate.

"Mafi kibrit," akakiri.

Akaichukua chupa mkononi mwa bibi na kuimimina mwenyewe, polepole, hadi lile tando likateleza na kuingia. Mavuno yake ya mwisho yalikuwa divai kwa muda wa kama adhuhuri moja. Bibi alikunywa chai jikoni kwetu, akatuuliza maswali yote aliyokuwa ameyaweka, nami nikamjibu.

Siki haijaiva, mama akaondoka. Kibali chake cha kuishi kiliisha, na bosi akampeleka Ugiriki kwa ndugu wa mama huyo, mjini, ghorofani, mbali na kisiwa. Mlangoni aliniachia kisanduku cha kiberiti, kitupu. Bosi alirudi peke yake. Sasa tulikuwa wawili tusiosema, na kiyoyozi.

Siki ilipotulia niliichuja, nikampa bibi wa chini fungu lake, yetu nikaiweka mezani kwenye chupa isiyo na karatasi. Bosi akaionja kwenye saladi, akaacha kutafuna.

"Siki nzuri hii," akasema.

Hakuuliza imetoka wapi. Akaanza kuitia kwenye kila kitu, hata kwenye dengu, na kila nilipoosha vyombo niliona chupa imeshuka. Niliogopa mwisho wake kuliko nilivyoogopa polisi. Basi nikafanya lile ambalo baba yangu hakulifanya maisha yake yote. Nilifungua bomba nikatia maji, kidogo tu, ndani ya chupa, nikaitikisa.

Jioni ile bosi alionja, akaweka uma chini.

"Umeitia maji," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Mama asingekubali."

Kumbe alijua. Sijui alijua tangu lini. Labda tangu ndoo ilipoanza kusema. Alitoa simu, akapiga, akaongea Kigiriki kidogo, kisha akaiweka mezani katikati yetu na kunionyesha kiti.

"Binti?" ikasema simu. Sauti ilikuwa imepungua. "Mafi dawa?"

"Mafi dawa, mama," nikajibu. "Moya, bas." Maji tu.

Kisha akacheka, kicheko kilekile cha siku nilipopepesuka hadi kwenye friji, akacheka hadi akakohoa, na mtu wa huko akaichukua simu. Bosi akagawa siki iliyobaki kwenye sahani mbili, yake na yangu, nusu kwa nusu, tukala.